Kasha, Nyaya na Hewa: Kuichagulia Kompyuta Nyumba Yake Tabora

Kabla reli ya kati haijafika Tabora mwaka 1912, karibu kila bidhaa iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe ilifika juu ya bega au kichwa cha mpagazi. Richard Burton na John Speke walipowasili Kaze, karibu na mahali ulipo mji wa Tabora wa leo, mnamo Novemba 1857, njia ya Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa imekwisha kuwa na kanuni zake za kufunga mizigo, na waliozijua vema kanuni hizo ni Wanyamwezi wenyewe. Mzigo wa mtu mmoja ulihesabiwa kuwa frasila mbili, yaani ratili 70 au kilo 32 hivi. Vitambaa vilikazwa na kufungwa vikawa mtumba mrefu. Lakini waya nene wa shaba, ulioitwa masango, haukubali kukazwa kama kitambaa: ulizungushwa duara na kutundikwa kwenye ncha mbili za mti, na mpagazi akauchukua mzegazega. Kila kitu kilifungwa kwa kadiri ya tabia yake. Aliyepuuza jambo hilo alijikuta njiani, siku chache tu kutoka pwani, akifungua na kufunga upya.

Waya wa shaba ungali ukiingia Tabora, ila siku hizi mwingine huja umejificha ndani ya kasha la kompyuta. Nao haujabadili tabia yake.

Ichukuliwe mathalani shule ya sekondari iliyopata fedha za kununua kompyuta kumi za mezani kwa ajili ya maabara, si mashine zilizokwisha kuunganishwa, bali vipuri vya kuunganishwa na mwalimu wa fizikia pamoja na wanafunzi wake. Fedha hizo hazitapatikana tena kwa miaka kadhaa. Dukani kuna makasha yenye ubavu wa kioo na taa za rangi, na kuna makasha ya bati jeusi yasiyovutia macho. Kuna pawa saplai nyepesi za bei nafuu na nyingine nzito zenye bei mara tatu. Akikosea kuchagua, mashine haitakataa siku ya kwanza. Itawaka vizuri, itasifiwa, kisha itaanza kuzimika ovyo mwezi wa Oktoba, wakati joto la Tabora limepanda, mvua hazijanyesha na mitihani ya kidato cha nne inakaribia.

Yafaa kwanza majina yaeleweke. Watu wengi huliita kasha zima "sipiyu", na hilo ni kosa. Sipiyu ni kichakato, kipande kidogo kinachokaa juu ya bodi mama. Kasha, ambalo mafundi huliita kesi, ni nyumba tu. Pawa saplai ni sanduku la chuma lililo ndani ya nyumba hiyo, linalopokea umeme wa mkondo geu wa volti 230 kutoka ukutani na kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Wanafunzi wanaweza kuzitambua nyaya zake kwa rangi katika pawa saplai za mtindo wa kawaida: njano ni volti 12, nyekundu ni 5, ya machungwa ni 3.3, na nyeusi ndizo njia ya kurudia mkondo. Siku hizi watengenezaji wengi huzifanya zote nyeusi, kwa ajili ya urembo, na hivyo humnyima fundi alama iliyokuwa na faida kubwa.

Hapana budi sasa kuuliza: kwa nini nyaya hizo ni nyingi na nene hivyo? Jibu limo katika somo la umeme la kidato cha pili. Kifaa kinachotumia wati 240 kikiunganishwa na volti 230 huvuta ampea moja na kidogo. Kifaa hicho hicho kikilishwa kwa volti 12 huvuta ampea 20. Waya wa shaba wenye eneo la milimeta ya mraba 0.8 na urefu wa sentimeta 60 una ukinzani wa omu 0.013 hivi, kwenda na kurudi ni omu 0.026. Ampea 20 zikipitishwa katika jozi moja ya nyaya hizo, nusu volti nzima itapotea njiani, na wati 10 zitageuka kuwa joto ndani ya waya wenyewe. Kanuni za pawa saplai za aina ya ATX, zilizotangazwa mwaka 1995, huruhusu volti 12 ipungue au izidi kwa asilimia 5 tu, yaani volti 0.6. Jozi moja ingeikaribia mipaka hiyo. Mkondo ukigawanywa katika jozi nne, kila jozi hubeba ampea 5, na upotevu wote hushuka hadi wati mbili na nusu. Ndiyo sababu kiunganishi kikubwa cha kulisha kichakato kina pini 8: nne za volti 12 na nne za kurudia. Hata mkuu wa msafara asingempa mpagazi mmoja mizigo ya wanne.

Basi kasha hulazimika kubeba matita ya nyaya yasiyopenda kupindwa, na hapo ndipo suala la mpango wake linapoanza. Ni lazima isemwe kwa haki kwamba habari hii imetiwa chumvi mno. Wauzaji hudai kuwa nyaya zilizopangwa hupoza mashine sana. Dai hilo lilikuwa na ukweli zaidi zamani, wakati diski ziliunganishwa kwa kebo bapa zenye upana wa sentimeta tano hivi, ambazo zilining'inia mbele ya feni kama mapazia. Kebo nyembamba za SATA zilipoenea baada ya mwaka 2003, tatizo hilo lilipungua. Katika kasha la leo, waya uliopita kando ya njia ya hewa hauongezi joto la maana. Waya uliolala mbele ya feni, au chini ya bodi mahali pa kutokea hewa, ni jambo jingine kabisa; na waya unaogusa mapanga ya feni huisimamisha feni hiyo, na mara nyingi hakuna atakayejua mpaka mashine izimike.

Hewa yenyewe yastahili kuangaliwa kwa makini, kwa maana Tabora si Dar es Salaam. Kilo moja ya hewa huhitaji jouli 1,000 hivi ili joto lake lipande kwa nyuzi moja ya Sentigredi. Kompyuta inayotoa wati 200 za joto, ikiwa hewa inayotoka isizidi inayoingia kwa nyuzi 10, inahitaji gramu 20 za hewa kila sekunde. Pwani, penye joto la nyuzi 30, gramu hizo ni lita 17 hivi. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi zaidi, na gramu 20 zile zile huchukua nafasi ya lita 20. Kwa hiyo feni ya Tabora inapaswa kusukuma hewa zaidi kwa karibu sehemu moja ya saba ili kufanya kazi ile ile. Feni ya kawaida ya milimeta 120 isiyo na kizuizi yaweza kusukuma lita 25 au zaidi kwa sekunde, lakini huyamudu hayo ikiwa mbele yake pana uwazi. Wekeni kioo kizima mbele yake, kama ilivyo katika makasha mengi ya fahari, na kiasi hicho hushuka vibaya. Kwa sababu hiyo kasha lenye uso wa wavu wa chuma, hata likiwa la bati duni, hulipita la kioo.

Kisha kuna vumbi. Kuanzia Mei hadi Oktoba, vumbi la barabara na viwanja huingia kila mahali, na feni huvuta lolote lililo mbele yake. Kasha linalofaa lina kichujio mbele na kingine chini ya pawa saplai, vyote viwili vikiweza kutolewa bila bisibisi, kwa sababu kichujio kigumu kutoa hakisafishwi na mtu. Feni za kuingiza hewa zikizidi kidogo zile za kutoa, hewa ya ndani husukuma kutokea kwenye nyufa badala ya vumbi kuingilia humo. Wako wanaoacha ubavu wa kasha wazi wakidhani wanalipoza. Kwa siku chache hufanikiwa, halafu vumbi hutanda juu ya mapezi ya kipozeo kama blanketi. Kasha lisiwekwe sakafuni.

Sasa pawa saplai. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni, wati 500 au 600, si ya kuaminiwa peke yake. Mnunuzi asome jedwali dogo la karatasi iliyobandikwa na kutafuta ampea za volti 12, kisha azidishe kwa 12. Ikiwa "wati 500" zina ampea 20 tu katika volti 12, basi zilizopo kwa kazi halisi ni wati 240, maana kompyuta za leo hutumia volti 12 karibu kwa kila jambo zito. Kompyuta ya kazi za shule isiyo na kadi kubwa ya picha aghalabu haifiki hata wati 150. Ni afadhali pawa saplai ya kweli ya wati 400 kuliko ya uongo ya 700.

Ubora wake hupimwa pia kwa upotevu. Alama ya 80 PLUS, iliyoanzishwa mwaka 2004, huonyesha kwamba chombo kimepimwa. Daraja la shaba hufikia asilimia 85 likiwa limebebeshwa nusu ya uwezo wake. Ili kutoa wati 200, chombo hicho huvuta 235 na kupoteza 35. Chombo cha asilimia 75 huvuta 267 na kupoteza 67, na zote 67 ni joto ndani ya chumba chenye mashine kumi. Umeme ukiyumba, akiba iliyo katika kapasita za pawa saplai nzuri huitosha mashine kwa milisekunde 16 hivi, muda usiofikia hata mzunguko mmoja wa umeme wetu wa hezi 50, ambao ni milisekunde 20. Muda huo ni wa kuiwezesha yuupiesi kushika zamu, si zaidi. Na pawa saplai kuukuu zilizotumika Marekani mara nyingine huwa na swichi nyekundu nyuma: ikiwa imeachwa kwenye 115, kuichomeka katika soketi ya 230 ni kuilipua.

Jambo linalowaponza mafundi wengi zaidi ni kebo za kuchomoa. Pawa saplai za namna hii humwezesha fundi kuchomeka kebo anazozihitaji tu, na hivyo matita ndani ya kasha hupungua. Kwa mpango wa nyaya hakuna kilicho bora zaidi. Lakini upande wa kifaa, pini zimepangwa kwa kanuni moja ulimwenguni. Upande wa pawa saplai hakuna kanuni hiyo, na kila mtengenezaji hupanga apendavyo, hata baina ya matoleo yake mwenyewe. Kebo iliyotolewa katika chombo kilichokufa yaweza kuingia barabara katika chombo kipya cha jina jingine na kupeleka volti 12 mahali pa volti 5. Diski huungua papo hapo, na pamoja nayo alama za wanafunzi za miaka mitatu. Kebo za kila pawa saplai zifungwe pamoja na kuandikwa jina la mama yao.

Kasha na pawa saplai vichaguliwe pamoja, si kimoja baada ya kingine. Pawa saplai ya ATX ina upana wa milimeta 150 na kimo cha 86. Kina chake huanzia 140 na kuendelea, na urefu huo ndio unaogongana na vizimba vya diski. Katika makasha mengi ya sasa hukaa chini, ilhali tundu la umeme wa kichakato liko juu ya bodi. Kebo ya pini 8 ikipitishwa nyuma ya bodi, yahitaji sentimeta 60 au zaidi. Yenye 45 itakatiza juu ya bodi nzima. Nyuma ya bamba la bodi pawe na nafasi ya milimeta 20 angalau, la sivyo ubavu hautafunga bila kuziponda nyaya. Matundu ya kupitishia nyaya yawe na mpira au kingo zilizokunjwa, kwa kuwa bati kali hukata ganda la waya polepole, mtikisiko baada ya mtikisiko.

Wakati wa kuunganisha, plagi iwe nje ya ukuta, na mkono uguse chuma cha kasha kabla ya kugusa bodi, kwani katika ukavu wa Agosti umeme tuli wa mwilini ni mwingi. Kebo nene ya pini 24 itangulie, kisha ya kichakato, nyembamba zifuate. Vifungo visikazwe hadi mwisho mpaka mashine imewaka na kuzimwa mara kadhaa. Pawa saplai yenyewe isifunguliwe kamwe na wanafunzi: kilele cha volti 230 ni volti 325, na kapasita huweza kuihifadhi nguvu hiyo hata baada ya plagi kuchomolewa. Nayo plagi ya pini tatu isikatwe pini ya waya wa ardhi ili iingie katika soketi mbovu, jambo linaloonekana mara nyingi mno.

Mashine ya kwanza ikiisha, wanafunzi waiachie ifanye kazi kwa nusu saa huku wakiandika joto la kichakato kila dakika tano. Kisha washike kipande cha karatasi laini mbele ya kila tundu la kasha, waone kinavutwa au kinasukumwa, na wachore mishale. Penye tundu la feni ambapo karatasi haitikisiki, nyuma yake aghalabu kuna waya.