Je, Wajua? Nyumba ya Mskoti juu ya Bandari ya Nagasaki

Kwenye kilima cha Minamiyamate mjini Nagasaki, Japani, kuna nyumba ya mbao iliyokuwa ya mfanyabiashara wa kigeni, Thomas Blake Glover. Utajiri wake ulimponyoka mapema. Nyumba yake ingali wima, na historia iliyobeba ni kubwa kuliko vyumba vyake.

Je, wajua kuwa Glover alikuwa kijana wa miaka 21 tu alipofika Nagasaki mwaka 1859? Alizaliwa Fraserburgh, Uskoti, mwaka 1838, akapitia Shanghai kabla ya kuvuka kwenda Japani. Mwaka 1861 alikuwa tayari na kampuni yake, akisafirisha chai nje ya nchi. Baadaye akaingia katika meli na silaha.

Je, wajua kuwa nyumba hiyo ilijengwa mwaka 1863, na ndiyo kongwe kuliko zote za mbao za mtindo wa Kimagharibi zilizosalia Japani?

Je, wajua kuwa aliyeijenga hakuwa Mzungu? Kazi ilisimamiwa na Koyama Hidenoshin, fundi Mjapani aliyejenga pia Kanisa la Oura lililo jirani. Ndiyo maana mchanganyiko wake unaonekana wazi. Juu kuna vigae vya udongo vya Kijapani, kama vile vinavyoezekea mahekalu ya nchi hiyo. Chini yake kuna baraza pana iliyosakafiwa kwa mawe, yenye nguzo nyembamba za mbao, na kati ya nguzo na nguzo kuna matao ya fito zilizosukwa. Ukisimama barazani unaiona bandari nzima. Mfanyabiashara aliweza kuziona meli zikiingia bila kutoka nyumbani.

Je, wajua kuwa msonobari mkubwa uliokuwapo kiwanjani haukukatwa wakati wa ujenzi? Mti huo uliendelea kuishi hapo hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Je, wajua kuwa mwaka 1865 Glover alisaidia kuwatorosha vijana wa jimbo la Satsuma kwenda Uingereza? Wakati huo Mjapani aliyesafiri nje bila idhini aliweza kuuawa. Msafara wa watu 19 uliondoka kwa siri, kila mmoja kwa jina la bandia. Mmoja wao, Mori Arinori, alikuja kuwa waziri wa kwanza wa elimu wa Japani. Mdogo kuliko wote, Nagasawa Kanaye, mwenye miaka 13, alipelekwa Aberdeen kwa familia ya Glover mwenyewe akasome huko. Alimalizia maisha yake California, Marekani, akiwa mkulima mashuhuri wa zabibu za mvinyo.

Je, wajua kuwa silaha alizouza zilichangia kuiangusha serikali ya shoguni, mtawala wa kijeshi wa Japani? Jimbo la Choshu lilipozuiwa kununua bunduki kwa wageni, lilizipata kutoka kwa Glover kwa kutumia jina la Satsuma. Mwaka 1868 utawala wa kale ukaanguka, na zama za Meiji zikaanza.

Je, wajua kuwa watu wa Nagasaki waliona garimoshi likitembea miaka saba kabla ya Japani kufungua reli yake ya kwanza? Mwaka 1865 Glover aliendesha injini ndogo ya mvuke kwenye ufuko wa Oura. Reli ya Tokyo hadi Yokohama ilifunguliwa mwaka 1872.

Je, wajua kuwa amani ndiyo iliyomfilisi? Alikuwa ameagiza silaha na meli nyingi. Vita vya kumwangusha shoguni vilipokwisha mapema, wateja wakawa hawana haja nazo, na wengine walishindwa kulipa madeni. Kampuni ikafilisika mwaka 1870. Lakini hakurudi kwao. Chelezo cha Kosuge na mgodi wa makaa ya mawe wa Takashima, alivyoshirikiana na Wajapani kuvianzisha, viliishia mikononi mwa Mitsubishi, naye akawa mshauri wa kampuni hiyo. Alishiriki pia kuanzisha kiwanda cha bia kilichokuja kuitwa Kirin.

Je, wajua kuwa sura yenye uchungu zaidi ya nyumba hii ni ya mwana wa Glover, Kuraba Tomisaburo? Alikuwa chotara, raia wa Japani, na mpenzi wa bahari. Kwa zaidi ya miaka 20 aliwalipa wachoraji wachore samaki walioletwa sokoni Nagasaki, magamba na mapezi yakionekana vizuri. Picha zipatazo 800 zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Nagasaki. Kisha manowari Musashi ikaanza kuundwa bandarini, kwa siri, nyuma ya mapazia makubwa ya kamba. Baraza ya Kuraba ilitazama moja kwa moja hapo. Mwaka 1939 aliiuzia Mitsubishi nyumba ya baba yake, na polisi wa kijeshi wakamfuatilia kama jasusi katika nchi yake mwenyewe. Alijitoa uhai tarehe 26 Agosti 1945, siku chache baada ya Vita vya Pili vya Dunia kusitishwa.

Je, wajua kuwa bomu la atomiki la tarehe 9 Agosti 1945 halikuiangusha nyumba hii? Ilikuwa zaidi ya kilomita 4 kutoka pale lilipolipukia.

Je, wajua kuwa Mitsubishi iliikabidhi nyumba kwa jiji la Nagasaki mwaka 1957? Miaka minne baadaye serikali iliitangaza kuwa mali muhimu ya utamaduni, na mwaka 2015 UNESCO ikaiingiza katika Urithi wa Dunia, pamoja na Chelezo cha Kosuge na mgodi wa Takashima.

Je, wajua kuwa mafundi bado hawajaiacha? Ilifungwa kwa matengenezo makubwa na kuimarishwa dhidi ya matetemeko ya ardhi, ikafunguliwa tena mwaka 2021. Nyumba ya mbao haidumu kwa sifa za aliyeijenga. Hudumu pale kila kizazi kinapokubali kuilipia gharama ya kuitunza, na Nagasaki imekubali.