'Mjomba Tom': Heshima au dharau? Ubaguzi na ufeministi katika riwaya ya kupinga utumwa

JUZI mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza: "Mwalimu, riwaya inayopinga utumwa itakuwaje tena na ubaguzi wa rangi?" Swali hilo lilinirudisha kwenye Uncle Tom's Cabin ya Harriet Beecher Stowe, iliyochapishwa kama kitabu Marekani mwaka 1852 na kuuzwa takriban nakala 300,000 huko katika mwaka wa kwanza.

Tuanze na jina. Sisi tukisema 'mjomba' tunamtaja kakake mama, mtu wa kuheshimiwa. Kusini mwa Marekani, Mzungu alimwita mzee mweusi 'mjomba' ili asimwite 'bwana'. Kumbe neno la ukoo lilificha dharau!

Kwa jicho la ufeministi, Stowe alipiga hatua kubwa. Eliza anatoroka na mwanawe, akivuka Mto Ohio kwa kurukaruka juu ya vipande vya barafu. Naye Bi Bird anambishia mumewe, seneta, kuhusu sheria inayokataza kuwasaidia watumwa watoro. Wanawake wasio na kura wanawashinda utu watunga sheria.

Lakini hebu tazama nani hutoroka. Eliza na mumewe George ni machotara weupe kiasi cha kudhaniwa Wazungu. Tom, mweusi tititi, huvumilia tu. Ni kweli kwamba anauawa akikataa kufichua waliko wanawake wawili waliotoroka, ila ushujaa wake ni wa kufa, si wa kuishi huru. Topsy, mtoto mweusi, amefanywa kichekesho. Hatimaye George anaamua kuhamia Liberia, kana kwamba Marekani haina nafasi yake. Mwaka 1949 James Baldwin aliikosoa vikali riwaya hii.

Linganisha na Harriet Jacobs, aliyejificha karibu miaka saba katika kijichumba cha darini kwa nyanyake. Stowe alipotaka kukitia kisa hicho katika kitabu chake, Jacobs alikataa. Alijiandikia mwenyewe tawasifu, ikatoka mwaka 1861.

Nilimjibu mwanafunzi hivi: mtu anaweza kuichukia minyororo na bado asimwone aliyefungwa kuwa sawa naye. Kwa hiyo mhakiki asiishie kuuliza riwaya inamtetea nani. Aulize pia nani amepewa nafasi ya kusema.