Chombo Kidogo cha Watoto

Mtoto akaaye karibu na maji hazuiliki asiyaendee. Ukimkataza mtumbwi, atapanda gogo. Ukimnyima gogo, atapanda karai la mama yake. Basi ni heri apewe chombo kilichofanywa kwa kipimo chake, kuliko kujitafutia mwenyewe kilicho cha hatari.

Jambo hili lilifikiriwa katika mji wa Clearwater, Florida, nchi ya Marekani. Mwaka 1947 bwana Clifford McKay alitaka watoto wa mji ule wapate chombo ambacho hata mzazi asiye na fedha nyingi aweza kukipata. Fundi Clark Mills akapewa kazi kwa sharti gumu: gharama isizidi dola 50. Mbao za plaiwudi ziliuzwa kwa vipande vya futi 8 kwa 4. Kwa hiyo fundi akaufanya urefu wa chombo usifike futi 8. Omo akaifanya butu, na chini akakifanya bapa. Mtu aweza kukicheka, akasema ni sanduku. Lakini chombo kifupi chenye omo butu kina nafasi zaidi, wala hakiyumbi upesi. Sanduku lile, liitwalo Optimist, hata leo latumiwa na watoto katika nchi zaidi ya 100, ingawa vingi siku hizi havifanywi kwa mbao tena.

Kile ni chombo cha tanga. Lakini hekima yake yafaa pia chombo cha kupiga kafi. Kabla ya kushika msumeno, tufanye hesabu. Lita 1 ya maji matamu ina uzito wa kilo 1. Tuseme sehemu ya chini ina urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 75, yaani mita 1.5 za mraba. Kila kikizama sentimita 1, husukuma lita 15 za maji, nayo yachukua kilo 15. Chombo kikiwa na kilo 25, na watoto wawili pamoja kilo 65, jumla ni kilo 90. Basi kitazama sentimita 6 tu. Mbavu zikiwa na kimo cha sentimita 30, zabaki 24 juu ya maji. Hesabu hii aweza kuifanya mwanafunzi yeyote, na mwalimu atafanya vema kumwachia.

Vipande viwili vya plaiwudi vyatosha: kimoja kwa chini, cha pili kwa mbavu mbili, omo na tezi. Mabaki yafaa kwa viti na makafi. Chagua plaiwudi iliyogandishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini, kwa maana ile ya ndani ya nyumba huachana tabaka zake ikilowa. Maji huingia hasa kwenye kingo. Zipake rangi mara mbili au tatu. Pembeni tia vipande vya mti, uunge kwa gundi na skurubu za shaba, maana chuma hula kutu.

Sasa neno lililo kubwa kuliko yote. Chini ya viti funga kwa nguvu madumu matupu manne ya lita 10, yenye vifuniko vilivyokazwa. Chombo kikijaa maji, hayo yatachukua karibu kilo 40, nacho hakitazama, watoto watakishikilia.

Siku ya kwanza, mtu mzima akipindue makusudi katika maji yafikayo kiunoni, watoto wakitazama, wajifunze kukishika wala wasikiache kwa kuogelea pwani. Kisha kila mtoto avae jaketi la kuokolea, na mkubwa akae ukingoni akitazama. Mbao ni rahisi kununua tena, mtoto hanunuliwi.