Miguu Kuwaka Moto na Ugonjwa wa Lyme

Maumivu ya miguu ambayo mgonjwa huyaeleza kwa kusema kwamba nyayo au mapaja yanawaka moto, hata pale ngozi inapokuwa baridi ikiguswa, kwa kawaida hutokana na neva na si misuli wala mifupa. Miongoni mwa vyanzo vyake umo ugonjwa wa Lyme, ambao huletwa na Borrelia burgdorferi na jamaa zake, bakteria wembamba waliojisokota kama parafujo, wanaoingia mwilini mtu anapoumwa na kupe wa jenasi ya Ixodes. Kupe hao wamo kwenye misitu na nyasi za Marekani, hasa kaskazini-mashariki na karibu na Maziwa Makuu ya nchi hiyo, na katika sehemu kubwa ya Ulaya.

Jina la ugonjwa lilitokana na mji wa Lyme, jimboni Connecticut, ambako katika miaka ya 1970 iligunduliwa kwamba watoto wengi mno walikuwa wakivimba viungo, na bakteria wenyewe walitambuliwa mwaka 1981 na mtafiti Willy Burgdorfer. Kwa suala la maumivu ya mguu, hata hivyo, historia ya Ulaya ndiyo yenye manufaa zaidi. Mwaka 1922 madaktari Wafaransa Garin na Bujadoux walieleza habari za mgonjwa aliyeumwa na kupe, akatokwa na wekundu wa ngozi, kisha akapatwa na maumivu makali ya neva na kupooza. Na mwaka 1941 Mjerumani Alfred Bannwarth alieleza kundi la wagonjwa wenye maumivu ya aina hiyo ambao maji ya uti wa mgongo wao yalikuwa na chembe nyeupe nyingi kupita kawaida.

Kinachotokea katika hali hiyo, inayoitwa hadi leo kwa jina la Bannwarth, ni kuvimba kwa mizizi ya neva, yaani sehemu ambapo neva huchomoza kutoka kwenye uti wa mgongo kabla ya kuteremka mguuni. Maumivu huanza wiki chache baada ya kuumwa na kupe, huwa ya kuchoma au kuunguza, huzidi usiku hadi kumnyima mtu usingizi, huweza kuhama kutoka sehemu moja hadi nyingine, na mara nyingi hayatulizwi na dawa za kawaida kama parasetamoli. Si ajabu kwamba hudhaniwa kuwa ni ya diski ya kiuno iliyochomoza; tofauti ni kwamba hayo ya diski mara nyingi huchochewa na kuinama, kukohoa au kubeba mzigo, ilhali haya ya Lyme huja bila kisa chochote cha mgongo, na pengine huambatana na kupooza kwa upande mmoja wa uso.

Dalili inayotangulia, kwa wagonjwa wa Lyme wapatao 70 hadi 80 kati ya kila 100, ni bato linalopanuka polepole kuzunguka mahali kupe alipouma, kati ya siku 3 na 30 baadaye. Vitabu vingi huonyesha bato hilo likiwa jekundu juu ya ngozi nyeupe. Juu ya ngozi nyeusi huweza kuonekana la zambarau au la kahawia, mithili ya alama ya kuvilia damu, na likapita bila kutambuliwa. Mhamiaji kutoka Afrika Mashariki anayeishi Connecticut au Ujerumani ana sababu kubwa zaidi ya kulijua jambo hili kuliko hata jirani yake.

Kipimo cha kawaida hutafuta kingamwili, ambazo huchukua wiki kadhaa kujitokeza na huweza kubaki kwenye damu miaka mingi baada ya mtu kupona. Kwa hiyo jibu lolote la maabara husomwa pamoja na swali la mahali mgonjwa alikokuwa. Mkazi wa Dodoma ambaye hajawahi kusafiri akipata jibu chanya, uwezekano mkubwa ni kwamba kipimo kimedanganyika, kwa kuwa homa ya papasi, inayoletwa na Borrelia duttonii na kuenezwa na papasi wanaojificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, huweza kuzalisha kingamwili zinazofanana na za Lyme. Kwa mkazi huyo, miguu inayowaka huelekeza kwanza kwenye kisukari, virusi vya UKIMWI, pombe, upungufu wa vitamini B12, au dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi ikitumiwa bila vitamini B6. Na ikiwa maumivu yamefuata mstari mmoja upande mmoja, huelekeza kwenye mkanda wa jeshi.

Lyme iliyofika kwenye neva hutibiwa kwa doksisaiklini ya kumeza au seftriaksoni ya sindano, kwa kawaida kwa wiki mbili hadi tatu. Maumivu ya mizizi ya neva mara nyingi hupungua mapema, lakini ganzi na udhaifu huweza kuchukua miezi, kwa kuwa neva hujirekebisha polepole hata baada ya bakteria kufa. Kipindi hicho cha kungoja ndicho huwashawishi wengine kuongeza antibiotiki kwa miezi, ingawa majaribio yaliyofanywa Marekani na Uholanzi hayakuonyesha kwamba nyongeza hiyo inawasaidia wenye dalili zinazodumu. Kinachobaki kutibiwa ni neva iliyoumia, kwa dawa kama amitriptilini au gabapentini.