Wangila: Kutoka Dhahabu ya Seoul Hadi Ulingo wa Las Vegas

Msomaji, mtaje Robert Wangila Napunyi mbele ya shabiki yeyote wa ndondi wa miaka ile, uone atakavyokunja ngumi kukuonyesha lile konde la Seoul! Mwaka wa 1988, katika fainali ya uzani wa welta, Wangila alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili. Hadi leo hakuna bondia mwingine wa Kenya aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki.

Mwaka uliofuata aliingia ngumi za kulipwa Marekani. Usidhani ni mchezo ule ule. Seoul walipigana raundi tatu, kichwani wamevaa kofia ya kinga. Kwenye malipo kofia huvuliwa, na raundi hufika kumi au kumi na mbili. Wangila alishinda mapigano 22 na kushindwa matano.

La mwisho lilikuwa Julai 22, 1994, mjini Las Vegas, dhidi ya David Gonzalez. Katika raundi ya tisa refa Joe Cortez alisimamisha pigano. Wangila alilalamika, aliona bado anaweza. Nawe mzazi mwenye mwana klabuni, hapo ndipo pa kuangalia: aliyeumia ubongo huweza kusimama, kuongea, hata kubishana na refa, huku damu inavuja ndani ya fuvu.

Alizimia baadaye, akapasuliwa kichwa hospitalini. Julai 24 akafariki, akiwa na umri wa miaka 26. Tangu Seoul, hata miaka sita haikuwa imetimia.