Kinengenenge: Ndege mdogo aliyevuka bahari kisha akatia nanga

Katika miteremko ya juu ya Mlima Karthala, volkano hai iliyopo kisiwani Ngazidja nchini Komori, huishi ndege mdogo asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Ni kinengenenge wa Karthala. Kisiwani humo humo yupo jamaa yake, kinengenenge wa Kirk, ambaye makazi yake ni sehemu za chini zaidi. Wanasayansi wanaeleza hali hiyo kwa kusema kwamba visiwa vya Bahari ya Hindi vilifikiwa na ndege hawa zaidi ya mara moja, katika nyakati zilizopishana sana.

Kinengenenge ana uzito wa gramu kumi hivi, na aina nyingi zina manyoya ya kijani na manjano pamoja na pete nyeupe kuzunguka jicho. Hula wadudu, matunda madogo na maji matamu ya maua. Aghalabu hutembea kwa makundi, na tabia hiyo ina uzito wake: upepo mkali ukilipeperusha kundi zima baharini, watakaonusurika huweza kuwa madume na majike, nao wakaanzisha kizazi kipya.

Safari za namna hiyo zimeshuhudiwa. Mwaka 1856 makundi ya vinengenenge kutoka Australia yalionekana kwa wingi nchini New Zealand, baada ya kuvuka bahari yenye upana wa takriban kilomita 2,000. Wamaori waliwaita tauhou, maana yake mgeni. Mwaka 1904 ndege hao walikuwa wamefika pia kisiwa cha Norfolk.

Wasafiri wanaogeuka wenyeji

Hapa ndipo penye fumbo. Katika Visiwa vya Solomon, visiwa kadhaa vilivyo jirani kila kimoja kina kinengenenge wake, ilhali kinachowatenga ni mlango wa bahari wa kilomita chache tu. Ndege ambaye wahenga wake walivuka bahari kuu, vipi ashindwe kuvuka mlango mwembamba?

Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba kisiwa huwapendelea wanaotulia. Anayeruka kuelekea baharini mara nyingi hupotea bila kuacha uzao; anayebaki hupata chakula, hujenga kiota na kulea makinda. Vizazi vikipita, hulka ya kusafiri hufifia. Kundi lililojitenga nalo hubadilika kidogo kidogo katika rangi, sauti na umbo, hata likawa aina nyingine. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kuwa aina nyingi za vinengenenge zilichipuka ndani ya miaka milioni 2 hivi, kasi ambayo ni nadra miongoni mwa wanyama wenye uti wa mgongo.

Pemba nayo ni ushahidi. Zama za barafu, kina cha bahari kiliposhuka kwa zaidi ya mita 100, Unguja iliungana na bara. Pemba ilibaki kisiwa, kwa sababu mkondo unaoitenga na bara una kina cha mamia ya mita. Leo Pemba ina kinengenenge wake wa pekee.

Upekee una gharama

Ndege aliyekwisha kutulia hana pa kukimbilia mazingira yanapoharibika. Kinengenenge wa Ushelisheli alidhaniwa ametoweka kabisa, hadi alipoonekana tena kisiwani Mahé mwaka 1960. Panya walioletwa na meli ni miongoni mwa maadui wanaolaumiwa kwa kupungua kwake. Mwaka 1997 kundi jingine liligunduliwa katika kisiwa kidogo cha Conception, karibu na Mahé, na mwaka 2001 wahifadhi walianza kuwahamishia baadhi yao kisiwa cha Frégate. Kazi iliyofanywa na upepo hapo kale sasa inafanywa na binadamu.

Kwa kinengenenge wa Karthala, tahadhari ni hiyo hiyo. Vichaka anavyovitegemea viko karibu na kilele, na vinakabiliwa na moto pamoja na malisho ya mifugo. Vikiteketea, hakuna mlima wa juu zaidi kisiwani humo atakaohamia.