Gari la taa za mviringo limerudi, mnunuzi asidanganywe na sura

KATIKA mji wa Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba mkoani Singida, gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne halinunuliwi kwa ajili ya matembezi. Wakati wa mavuno hubeba magunia ya alizeti kwenda kwenye mashine ya kukamua mafuta, au vitunguu kwenda Misigiri, kwenye barabara kuu ya Singida hadi Nzega. Usiku gari hilo hilo humpeleka mgonjwa hospitali.

Ndiyo maana ubishi kuhusu sura za magari haya si wa wapenda mapambo peke yao. Aliyeweka akiba ya misimu kadhaa akikosea kuchagua, hasara huanza siku bampa linapogonga kisiki.

Wapo wanaoamini kuwa gari la kazi ni lile lenye umbo la sanduku: Land Rover za zamani, au Land Cruiser iliyopewa jina la "mkonga" kutokana na bomba la kuvuta hewa linalopanda hadi usawa wa paa. Wengine huona umbo hilo limepitwa na wakati. Kwao, gari lenye mabega ya duara, taa nyembamba na bampa lililoungana na bodi ndilo linaloonyesha kuwa mwenyewe amefanikiwa, kama yalivyo "mashangingi" ya wakubwa.

Kila upande una hoja, lakini umbo la sanduku halikuanza kama urembo. Land Rover ya kwanza ilitoka Uingereza mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Bodi yake ilitengenezwa kwa mabati bapa ya aluminiamu, ambayo yalikunjwa kwa vifaa rahisi. Toyota nayo ilipoleta Land Cruiser ya mfululizo wa 70 mwaka 1984, iliipa vioo bapa na taa mbili za mviringo.

Faida yake fundi anaijua. Bodi bapa ikibonyea hunyooshwa kwa nyundo. Bampa la chuma likipinda hunyooshwa, likikatika huchomelewa. Taa ya mviringo ya vipimo vya kawaida ikivunjika, hubadilishwa hiyo taa tu.

Kwa nini basi watengenezaji waliacha umbo hilo? Sababu ya kwanza ni mafuta. Gari lenye pembe hupambana zaidi na upepo linapokwenda kasi, na hivyo hunywa mafuta mengi zaidi. Sababu ya pili ni usalama wa watembea kwa miguu. Kuanzia mwaka 2005, Umoja wa Ulaya ulianza kudai kuwa aina mpya za magari ziwe na sehemu ya mbele isiyomuumiza sana mtu anayegongwa. Plastiki ilichukua nafasi ya chuma.

Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa katika mji wenye siku za mnada na watoto wanaokwenda shule kwa miguu. Mwezi Novemba 2023, taasisi ya utafiti wa usalama barabarani inayogharamiwa na kampuni za bima za Marekani ilieleza kuwa magari yenye boneti iliyoinuka zaidi ya inchi 40 yana uwezekano wa kumuua mtembea kwa miguu kwa takriban asilimia 45 zaidi ya yale yenye boneti iliyoinama, isiyozidi inchi 30. Ngao ya chuma inayolinda taa inaweza kuwa balaa kwa mtu aliyesimama mbele yake.

Hata hivyo, sura ya zamani sasa imerudi. Suzuki ilitoa Jimny mpya yenye umbo la sanduku mwaka 2018. Land Rover, iliyosimamisha Defender ya zamani Januari 2016, ilionyesha mpya mwaka 2019. Toyota iliondoa taa za mviringo kwenye mfululizo wa 70 mwaka 2007, ilipopanua sehemu ya mbele ili injini ya V8 iingie. Mwaka 2023 ilizirudisha.

Hapo ndipo mnunuzi anapotakiwa kuwa macho. Taa mpya za mviringo ni za LED, si zile za kubadilishwa kwa bei ya chini. Defender mpya haina chesisi ya kujitegemea kama ya zamani. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwa anayeagiza gari lililotumika, kuna jambo jingine. Gari lililozidi miaka minane tangu litengenezwe hutozwa ushuru wa ziada nchini. Hivyo wengi husukumwa kwenye maumbo mapya, wapende wasipende.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mkulima au mfanyabiashara aulize kwanza bei ya taa moja na ya bampa la mbele kwenye maduka ya spea ya Singida mjini. Ainame atazame bampa limeshuka kiasi gani kutoka ardhini, akikumbuka njia za bonde la Wembere wakati wa masika. Afungue mlango wa nyuma aingize gunia lililojaa, maana paa lililoinama kwa nyuma hula nafasi ya mzigo. Mwisho, aende na fundi wake, amwonyeshe gari na kumuuliza kama sehemu ikivunjika ataweza kuitengeneza hapo hapo Kiomboi.

Fundi akitikisa kichwa, hata taa ziwe za mviringo namna gani, fedha ya alizeti ibaki mfukoni.